Mzee na Kizee: Majina ya Heshima ya Mwanamke Aliyekula Chumvi Nyingi

Mwanamume akila chumvi nyingi huitwa mzee. Mwanamke akila chumvi hiyohiyo, kwa miaka hiyohiyo, huitwa kizee. Mzizi ni mmoja, -zee, na mvi ni zilezile. Kilichobadilika ni kiambishi tu. Ile M- imempa wa kwanza kiti barazani, na ile KI- imemwacha wa pili katika ngeli ya kiti chenyewe.

Niharakishe kusema, kabla wajuzi wa sarufi hawajanishukia, kwamba mzee kwa asili yake hana jinsia. Twasema "wazee wangu" tukiwakusudia baba na mama pamoja, na twasema "mama yule ni mzee" bila kosa lolote. Wala KI- si tusi kila inapomkalia mtu: kiongozi anayo, kijana anayo, na wote wawili huja na kuondoka kwa upatanisho wa viumbe wenye uhai. Hata mwanamume ana kibabu chake. Lakini lugha haiishi ndani ya sarufi peke yake. Tulitazame neno pale linapotangulia jina la mtu na kugeuka cheo. Wakenya walipomwita Jomo Kenyatta "Mzee", hawakuhitaji kuongeza jina. Watanzania walimwita Ali Hassan Mwinyi "Mzee Rukhsa", na heshima ya neno la kwanza ikaubeba utani wa neno la pili. Sasa liweke "Mzee" mbele ya jina la mwanamke wa miaka 80, ulisome kwa sauti: msikilizaji ataanza kumtafuta mwanamume. Weka "Kizee", nawe utakuwa umemtukana. Hakuna aandikaye "kibabu" katika tangazo la msiba, ilhali "bibi kizee" na "kikongwe" huandikwa magazetini bila mkono kutetemeka.

Kazi yangu ya kusoma tungo za wenzangu hunikutanisha na jambo hili mara kwa mara, hasa katika tanzia, na ndiyo iliyonifanya niulize: je, Kiswahili kilipungukiwa tangu awali na neno la kumtaja mwanamke mtu mzima kwa hadhi yake mwenyewe, au kilikuwa nalo likapotea njiani? Nashikilia la pili. Ushahidi umo katika majina tunayoyatamka kila siku bila kuyasikia.

Tuanze na Mwana. Leo neno hili ni mtoto tu: mwana wa fulani, mwana na wana. Lakini katika miji ya kaskazini, Lamu, Pate na Siu, na hata Mombasa na Unguja, Mwana lilikuwa cheo cha mwanamke wa kiungwana, kama Mwinyi na Bwana vilivyokuwa vyeo vya wanaume. Mapokeo ya Mombasa yanamtaja Mwana Mkisi kuwa mtawala wa mji kabla ya Shehe Mvita. Pate ilitawaliwa na Mwana Khadija katika karne ya 18. Unguja nayo, katika karne ya 17, ilikuwa na Mwana Mwema. Na kila mpenzi wa tungo anamjua Mwana Kupona binti Mshamu, mkewe Bwana Mataka wa Siu, ambaye mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utendi wa mawaidha. Binti huyo aliitwa Mwana Hashima. Mama ni Mwana, na binti ambaye bado kijana naye ni Mwana. Hapa tunajifunza jambo la kwanza: cheo hiki hakikupimwa kwa mvi. Mtu alikuwa nacho tangu ujana, akazeeka nacho, akazikwa nacho. Uzee haukumwongezea wala kumpunguzia jina.

Neno limewezaje kuwa mtoto na kuwa bibi mtukufu kwa pamoja? Nionavyo mimi, maana hizi mbili hazikuwa mbali kama zinavyoonekana leo. Katika mji wenye waungwana na watumwa, tofauti kubwa ya watu wawili ilikuwa nasaba. Muungwana aliweza kutaja alikuwa mwana wa nani, na baba yake mwana wa nani, hadi msikilizaji achoke. Mtumwa alikuwa amenyang'anywa sentensi hiyo. Kuitwa Mwana ni kutambuliwa kuwa una wa kwenu. Kwa hiyo tunapolisifu neno hili tusilipambe kupita kiasi, kwani utukufu wake ulisimama juu ya migongo ya wanawake wengine ambao hawakuitwa Mwana na mtu yeyote.

Cheo kimekufa lakini mifupa yake imo katika majina. Mwanaisha ni Mwana Aisha. Mwanahawa ni Mwana Hawa. Mwanajuma na Mwanahamisi wana utata wao, maana huenda pale mwana ni mtoto tu, aliyezaliwa Ijumaa au Alhamisi, na hapo ndipo maana mbili zinapopeana mikono. Msichana anayeitwa Mwanaisha leo, akiketi darasani mjini Mwanza au Nairobi, amebeba cheo cha kale kilichogandamana na jina lake, wala mwalimu hajui kwamba kila akiita mahudhurio anamwamkia kwa heshima. Kando ya Mwana lilikuwapo Nana, neno la tungo za kale na lahaja za kaskazini, la kumwitia bibi wa heshima kwa upole zaidi. Hilo limenyamaza kuliko mwenzake.

La pili ni Siti. Hili limetoka katika Kiarabu, katika neno la kumwita mwanamke bibi au bimkubwa. Lilikuwa jina na lilikuwa cheo, na hadithi yake nzuri kuliko zote ni ya msichana aliyezaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, katika ukoo wenye asili ya utumwa. Wazazi wake walimwita Mtumwa. Hebu tulitazame jina hilo kwa makini, kwa sababu halikuwa la matusi. Lilikuwa jina tu, kama watu walivyoitwa Juma au Mashaka. Aliuza vyungu, akaingia mjini, akafunzwa kuimba, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Kufikia wakati huo hakuwa Mtumwa tena. Alikuwa Siti binti Saad. Shaaban Robert alipoandika wasifu wake, aliandika habari za mwanamke ambaye jina lake la pili lilikuwa kinyume kamili cha jina lake la kwanza. Sijui kama ipo safari ndefu kuliko hiyo katika historia ya majina ya pwani: kutoka Mtumwa hadi Siti, ndani ya maisha ya mtu mmoja.

Sasa Bibi, neno lenye mambo mengi kuliko yote.

Asili yake ni ya ng'ambo, Uajemi na Bara Hindi, na lilipofika kwetu lilifika na hadhi. Katika Unguja ya karne ya 19 Bibi alikuwa mwenye nyumba: mwanamke anayetii­wa, mwenye funguo, mwenye wajakazi. Sayyida Salme, bintiye Sultani Said, aliyechapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, ametuachia picha ya Azza binti Seif, mke mkuu wa Sultani, ambaye nyumba nzima ya Mtoni ilikwenda kwa amri yake. Huo ndio uzito wa neno wakati ule. Mjakazi alimwita bibi yule aliyemmiliki, awe na umri wa miaka 15 au 70. Ndiyo kusema, Bibi kama Mwana halikuwa neno la uzee bali la amri.

Utumwa ukaondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Sheria hizo ziliwagusa watu, nazo zikayagusa maneno pia. Wanawake waliokuwa wakimwita mwingine bibi wakaanza kuitana wenyewe kwa wenyewe bibi, na hakuna aliyeweza kuwazuia. Cheo kikashuka ghorofani, kikaingia uani, kikatoka hadi sokoni. Wako wanaolalamika kwamba neno limechakaa kwa kutumiwa na kila mtu. Mimi naona limeshinda. Miaka ya 1950, TANU ilipohitaji sauti ya wanawake wa Dar es Salaam, aliyesimama jukwaani alikuwa Titi Mohamed, mzaliwa wa 1926, mwimbaji katika vikundi vya ngoma vya akina mama. Mwaka 1955, akiwa hajatimiza miaka 30, wanaume na wanawake walimwita Bibi Titi. Hakuwa nyanya ya mtu. Hakuwa na wajakazi. Alikuwa Bibi kwa sababu alisema na watu wakasikiliza. Alishtakiwa kwa uhaini mwaka 1970, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa mwaka 1972, akafariki mwaka 2000. Na barabara ya katikati ya Dar es Salaam inamtaja kwa jina kamili, Bibi ikiwa mbele. Baada ya uhuru likaja kundi la bibi wengine wa serikali, bibi shamba na bibi afya, wenzao bwana shamba na bwana afya, mabinti wa miaka 20 na kitu wakipanda baiskeli kwenda kuwafunza wazee kilimo. Nao ni bibi.

Kisha neno likagawanyika njia panda. Upande wa Tanzania, Bibi likaelemea kwa mama yake mama au mama yake baba. Mke akabaki mke. Upande wa Kenya, watu wengi wanaposema "bibi yangu" humkusudia mke, na mzazi wa mzazi huitwa nyanya, au shosho huko Nairobi. Mtanzania anayemsikia Mkenya akisema amemnunulia bibi yake gauni la harusi hushikwa na butwaa kidogo. Kifupi chake, Bi., kimebaki katika barua na matangazo kikiwa mwenzake Bw., na hapo angalau heshima ya zamani ingali hai, ingawa imefupishwa hadi herufi mbili na nukta. Kwa hiyo leo mwanamke akiitwa Bibi, ama ni bibi ya mjukuu, ama ni mke wa mtu, ama ni bibi harusi. Ile maana ya nne, mwanamke anayesimama kwa hadhi yake bila kuegemea mjukuu wala mume, imebaki kwa wachache, kama Titi, ambao jina lao limeshaandikwa kwenye kibao cha barabara.

Na penye pengo, maneno mengine huingia. Yaliyoingia ni ajuza na kikongwe.

Ajuza ni neno ambalo washairi tunalipenda mno, na nina shaka tunalipenda kwa sababu mbaya. Lina mizani 3 na linamalizikia kwa -za, kina chepesi kuliko vingi: kuliwaza, kuongoza, kutuliza, vyote vimepanga foleni vikingoja kulipokea. Mtunzi aliyebanwa na kina humgeuza mama yake mzazi kuwa ajuza ili ubeti upate kufunga. Lakini tulitazame neno lenyewe. Ni la Kiarabu, na mzizi wake ni wa kushindwa na kuishiwa nguvu. Ni mzizi uleule uliotupa ajizi, ile ambayo methali yasema ni nyumba ya njaa. Nao ndio uliotupa muujiza, yaani jambo linalowashinda watu kulitenda. Katika Surat Hud, Sara mkewe Ibrahimu anajiita kwa neno hilohilo anapobashiriwa mtoto: anasema yeye ni ajuza, atazaaje? Pale neno lina uchungu na lina kicheko, kwa kuwa limetoka kinywani mwa mwenyewe, na limekaa jirani na muujiza. Sisi tumelichukua likiwa limeachwa na jirani yake. Tukilitumia kumtaja mwingine linasema kitu kimoja tu: amechoka.

Kikongwe ni zito zaidi, na hapa sitanii. Kwa miongo mingi, katika maeneo ya Shinyanga na Mwanza, wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Dalili iliyotajwa mara kwa mara ni macho mekundu, na macho hayo yalikuwa mekundu kwa moshi wa meko, kwa kupika maisha yote kwa kuni na samadi ya ng'ombe. Magazeti yetu yaliupa unyama huo jina: mauaji ya vikongwe. Silaumu mwandishi mmoja; jina lilikuwa limeshaenea. Lakini nasoma "vikongwe wameuawa" na nahisi lugha yenyewe imeshamsogeza marehemu hatua moja kutoka kwa watu. Ngojea kidogo ubadilishe neno. Sema "wazee wameuawa", au "akina bibi wameuawa", au "akina mama watu wazima wameuawa". Habari ni ileile, ila sasa waliokufa wana nyumba, wana majirani, wana waliowaita kwa majina. Siamini kwamba kiambishi huua mtu. Naamini kwamba panga huenda kwa wepesi zaidi mahali ambapo jina limekwisha kutangulia kufanya kazi.

Hadithi zetu za kale zilijua zaidi kuhusu kizee. Ndani ya ngano, yule bibi kizee wa kibanda cha pembeni mwa mji ndiye anayejua siri ya mfalme, ndiye anayemhifadhi kijana aliyefukuzwa, na bila yeye safari ya shujaa haiendi. KI- yake pale haikumdharau, ilimficha tu. Na nje ya ngano walikuwapo wanawake ambao majina yao hayakutokana na umri, mume wala mtoto, bali na elimu: kungwi, somo, nyakanga, mkunga. Kungwi alimfunda mwari na siku ya harusi neno lake lilipita la mama mzazi. Haya ni majina ya heshima kamili, na nashangaa kwa nini washairi hatuyatumii kumtaja mwanamke mkubwa isipokuwa pale tunapozungumzia unyago.

Badala yake tumekimbilia Mama. Sina ugomvi nalo. Ni neno pana na lenye joto, nalo limepanda hadi Ikulu. Na desturi ya kumwita mwanamke kwa jina la mwanawe si ngeni: Wagiriama walimwita Mnyazi wa Menza kwa jina la mwanawe Katilili, na ni kwa jina hilo, Mekatilili, alipowakusanya watu kuipinga serikali ya Waingereza mwaka 1913. Ila Mama humwomba kila mwanamke awe mzazi kwanza, hata asiyejaliwa.

Miaka michache iliyopita familia moja ya Tanga iliniomba niwatungie tanzia ya mama yao, mwanamke aliyekuwa mkunga wa mtaa kwa muda mrefu kiasi kwamba waombolezaji wengi waliokuwa matangani walikuwa wamepita mikononi mwake. Wanawe walitaka nimwite Mama. Wajukuu walitaka Bibi. Kila upande ulidai umiliki wa marehemu, na mimi nikawaza juu ya wale wote aliowapokea duniani ambao hakuwa mama yao wala bibi yao. Nilimpendekezea mwanawe mkubwa neno Mwana, nikitaja Mwana Kupona. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Mtoto gani?" Basi hapo nikajua mlango ule umefungwa, angalau kwa msikilizaji wa kawaida wa leo. Nikamuuliza jirani mmoja wa rika la marehemu walikuwa wakimwitaje yeye na wenzake. Akanijibu bila kufikiri: "Bimkubwa."

Nililitumia, na tangu siku ile nalitetea. Najua kasoro zake. Kuna bimkubwa wa mitala, aliyeolewa kabla ya bi mdogo, na vijana wa mjini wakisema "bimkubwa wangu" ni mama yao wanayemwombea pesa. Lakini sikiliza lilivyojengwa: Bi, kile cheo kilichoshuka ghorofani, na mkubwa, kivumishi kilichovaa M- ya watu. Hakuna KI- hapo, wala uchovu wa ajuza. Ni mwenzake bwana mkubwa kwa uzito uleule. Kwa mtunzi lina mizani 4, bi-m-ku-bwa, nusu kamili ya kipande cha mizani 8, likimwachia nafasi ya kulitaja jina la mtu. Kina chake cha -bwa ni kigumu, hilo nakubali, basi lisiwekwe mwisho wa mshororo. Liwekwe mwanzo, ndipo mahali pake.

Wala KI- haishindi kila inapoingia. Unguja ilikuwa na mwimbaji mwingine, Fatuma binti Baraka, kungwi wa unyago na mpiga ngoma, aliyeimba hadi uzee wake wa mwisho na kufariki Aprili 2013. Kwa udogo wa umbo lake watu walimpa jina la kitu kidogo kuliko vyote, kidude. Kisha, kwa kuwa walimjua ni nani, wakatanguliza neno moja mbele yake, na dunia nzima ikajifunza kulitamka kwa mpangilio huo: Bi Kidude.